Mwana wa Mkondesha na Gari la Matundu

Songo, mtaa wa Uvira, ina ubaya mmoja: haikuiti jina ulilobatizwa. Bonaventure Habonimana alibatizwa vizuri kabisa, maji na chumvi, na cheti alikuwa nacho ndani ya sanduku. Lakini kwa miaka thelathini ya mwanzo hakuna aliyemwita hivyo ila padri, patroni wake wa kazi na mke wake, na mke wake mwenyewe siku za hasira alikuwa anasahau. Mtaa ulimwita Mkondesha. Jina hilo hakulitafuta. Alilirithi kwa baba yake kama wengine wanavyorithi kikohozi.

Basi tuanze na huyo baba, maana bila yeye hutaelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alilala chini ya gari la watu karibu miaka miwili.

Kule Nyakabere, katika bonde la Ruzizi, mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake mmoja amchungie. Wewe unakunywa maziwa, unatumia samadi, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Siku mwenyewe akimtaka, unamtoa mbele ya watu. Mwenyewe anamzunguka, anampapasa, halafu anasema neno moja tu: "Amenona." Hapo chungu cha pombe ya mtama kinafunguliwa, mirija inatumbukizwa, na wewe uliyechunga unapewa mrija wa kwanza, na ukiwa na bahati unapewa na ndama. Sheria ni hiyo na haina kifungu cha pili. Kitu cha watu kinarudi kimenona, hata kama vyako vimekufa kwa njaa.

Baba yake Bona alipewa ng'ombe na mfugaji wa milimani, mzee Muhire. Mwaka ulipopita Muhire akashuka kumchukua, na wanasema ng'ombe alitoka zizini mifupa mitupu, ngozi imetundikwa juu yake kama nguo ya kuazima. Baba akajitetea: huyu alikuja hivihivi, alikuja tayari anaumwa. Muhire hakubishana naye. Alinyoosha kidole akazihesabu mbavu, moja moja, mpaka ya mwisho, watu wote wakitazama. Kisha akafunga kamba akapanda na ng'ombe wake mlimani. Chungu hakikufunguliwa. Bona alikuwa na miaka saba, na kile kidole alikiona mpaka uzeeni.

Tangu siku ile, penye pombe baba alipewa mrija wa mwisho, wakati chunguni yamebaki machicha. Baba akafa, na mrija wa mwisho ukabaki kwa mtoto.

Mtu mwenye aibu ya namna hiyo huhama. Bona alihamia Uvira, akajifunza kuchomea chuma kwenye depo ya pamba ya Mgiriki mmoja, bwana Stavro. Mkono wake ulikuwa mzuri ajabu. Pipa lililotoboka, akiliziba yeye, ungelipapasa kutwa nzima usione kovu. Akaoa Capitoline, binti wa Bwegera, mwanamke wa maneno machache na yote makali. Wakajenga Songo, wakapata mtoto, Keza. Jina la baba lingebaki bondeni na mambo yangekwisha, ila Mungu naye ana mizaha yake: mpima mizani wa depo alikuwa Ndikumana, wa Nyakabere vilevile, ambaye siku ya mbavu alikuwepo, amepanda juu ya ua ili aone vizuri.

Wiki haikuisha, depo nzima ilikwisha kujua. "Mkondesha, angalia hilo pipa lisikukondee," Ndikumana alikuwa akisema. Halafu anaongeza, kwa wale ambao hawakusikia: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Bona alicheka pamoja nao. Akirudi nyumbani hali chakula, na Capitoline alijua sababu bila kuuliza.

Sasa gari. Stavro alikuwa na ubishi na Mbelgiji mmoja wa Bujumbura aliyekuwa na gari la Kiingereza, fupi, limelala chini kama bakuli. Ubishi ulizaliwa kwenye meza ya karata, ukalelewa kwa mvinyo, ukakua: nani atamshinda mwenzake kwenye ile barabara iliyonyooka ya Bwegera. Stavro alikuwa na ndugu Amerika. Akamwandikia: nitafutie gari lenye mbio kuliko yote, usiniulize bei. Ndugu akatii. Mwanzoni mwa mwaka 1964 likashushwa bandarini Kalundu, baada ya meli na treni na meli nyingine, gari jeupe, refu kama baraza la parokia, lenye sauti ya kuamsha hata wale waliolala makaburini. Redio halina. Zulia halina. Viti vyake vigumu kama benchi la kanisa. "Hela yote ile," Capitoline alisema alipoliona, "na hata mahali pa kuweka kikapu hakuna."

Stavro alilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza wanawake wa Bwegera walikuwa wameanika mpunga kwenye mikeka kando ya barabara. Gari lilipopita, mpunga uliruka juu wote, ukatua, na kila mmoja akajikuta na mpunga wa jirani yake. Ugomvi ule ulidumu mpaka Pasaka. Mara ya pili walianika mbali. Baada ya hapo Stavro akalifungia ndani ya ghala la pamba, kufuli mbili, ufunguo shingoni pamoja na msalaba wake, na hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa hata kulifuta vumbi. Mashindano yalipangwa Jumapili moja ya mwezi wa Mei.

Mwezi wa Mei vita vikafika kwanza. Waasi wa Mulele walishika Uvira, njia ya Bujumbura, darajani Kavimvira, ikafungwa, na wazungu waliokuwa wamebaki wakatafuta mitumbwi. Saa sita mchana Stavro alikuwa ufukweni, maji yamemfika magotini, begi kichwani. Bona na Ndikumana ndio waliomsindikiza, wengine walikwisha kukimbia. Alipokwisha kupanda akavua ule ufunguo shingoni akamrushia Bona.

"Bona, gari naachia weye. Utanirudishia vile ilivyo."

"Vile iko, patroni," Bona akajibu.

Mtumbwi ulipokwisha kutoka, Ndikumana akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mwizi anakabidhiwa sadaka. "Masikini patroni. Kati ya watu wote wa Uvira, amemwachia mwana wa Mkondesha." Bona hakucheka safari hii. Alikuwa amepata kitu ambacho baba yake alikipata mara moja akakipoteza: kitu cha watu cha kuchunga, na shahidi.

Kesho yake alifungua ghala, akalala chali chini ya gari atazame kama kuna mafuta yanayovuja. Akatazama. Akafumba macho, akafumbua, akatazama tena. Shasi, ile mifupa mikubwa ya chuma inayobeba gari zima, ilikuwa na matundu. Si tundu moja, si mawili. Matundu makubwa, mviringo, yamepangana toka mbele mpaka nyuma, mkono unaingia. Aliyahesabu kwa kidole, moja moja, na alipojiona anahesabu kwa kidole moyo ukamlipuka. Yalikuwa mia moja na kumi na tisa. Akatoka, akagonga yale mabawa ya mbele yanayofunika magurudumu. Yalilia kama sufuria. Akanyanyua kapo, ule mfuniko wa injini. Ulikuja kwa mkono mmoja, mwepesi kama ungo. Chuma cha wapi hicho?

Nikuambie ukweli sasa hivi, maana Bona hakuwa na wa kumwambia. Gari lile halikuibiwa kitu. Lilikuwa moja la magari machache sana, hata ishirini hayafiki, ambayo kiwanda chenyewe kilitengeneza kwa ajili ya kukimbia moja kwa moja, mita mia nne hivi, basi. Ili liwe jepesi, mafundi wa Amerika walitoboa shasi kwa makusudi na kuweka aluminiamu mahali pa chuma. Walilikondesha wenyewe, wakajisifu, wakalipandisha bei. Lakini mtu wa Nyakabere utamwambiaje kwamba kuna watu duniani wanaokondesha kitu ndipo kipate thamani? Angekupeleka kwa padri uombewe.

"Tumeibiwa," alimwambia Capitoline. "Kalundu ama depo, sijui. Wamekata chuma wakafue majembe. Na mabawa wamebadilisha."

"Labda ilikuja vile."

Bona akamtazama. "Baba pia alisema vile. Ng'ombe ilikuja vile. Nani alimwamini?"

Capitoline akaenda kuanika mihogo.

Siku ya tatu waasi wakaja ghalani kutafuta magari. Walikuwa na majani vichwani, na dawa ya maji ambayo, walisema, inageuza risasi kuwa maji. Mkubwa wao alilipenda gari mara moja. Alikaa kwenye usukani, akalipiga honi, akasema hili litampeleka mpaka Bukavu. Bona alisimama pale, jasho linamtoka, anaona jina la baba yake linapanda gari linaondoka. Kijana mmoja akaambiwa aangalie chini kama ni zima. Akaingia, akakaa kidogo, akatoka kinyumenyume.

"Mukubwa, gari hii walishaipiga. Matundu iko mingi, siwezi kuhesabu."

"Mia moja na kumi na tisa," Bona akasema. Maskini, ilimtoka tu.

Mkubwa akashuka kwenye usukani, akainama akachungulia. Kisha akainuka taratibu, akajipangusa suruali. Gari lililoingiwa na risasi zote zile, dawa yake imekufa, na mwenye kulipanda dawa yake itakufa naye. Aliwakataza watu wake hata kulisogelea, na mmoja aliyekuwa ameegemea bawa akanyunyiziwa maji upya kichwa kizima. Wakaenda zao. Bona alikaa chini, akacheka mpaka machozi, halafu akaacha kucheka, kwa sababu wazo lilimjia: hata waasi wanaona gari hili ni maiti. Stavro atasemaje?

Akaamua mambo mawili. La kwanza, kama wafanyavyo wachungaji vita vikija: usiweke kundi zima zizi moja. Alilifungua gari lote, parafujo kwa parafujo, akavitawanya viungo kwa watu wa kuaminika. Injini ilikwenda Bwegera kwa wakwe zake, ikafukiwa ndani ya ghala la mpunga. Magurudumu yalikwenda Nyakabere. Viti alikalia katekista, na ibada zikawa ndefu zaidi. Kapo na mabawa vilibaki Songo, kapo juu ya mawe mawili uani, Capitoline akianika mihogo.

La pili, kuziba.

Ilimbidi kwanza ahamishe mabawa kwenda depo ili apimie mapya, na Capitoline ndiye aliyeyabeba, moja moja, kichwani, mchana kweupe. Kizuizini askari akamsimamisha.

"Mama Keza, ni nini hiyo?"

"Bati ya kuanikia mihogo."

"Bati gani iko na rangi ya muzungu?"

"Mihogo haiangalii rangi, baba."

Askari akalinyanyua kwa vidole viwili, akaona halina uzito, akapoteza hamu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Mzigo huu ulikuwa kanda la sufi hata kwa aliyeubeba, na hilo ndilo lililomuudhi Bona kuliko vyote. Bawa la gari linalobebwa na mwanamke kichwani bila hata kata! Akatengeneza mengine kwa bati zito la mapipa ya mafuta. Akatengeneza na kapo mpya ya bati hilohilo, ambayo ilitaka wanaume wawili kuifungua na mmoja wa kuwaombea.

Matundu aliyaziba moja moja. Alikata visahani kutoka kwenye shasi ya lori lililoungua njiani, akavisugua, akavichomea kwa gesi ya mitungi iliyobaki depo, na gesi ilipokwisha akangoja miezi mpaka apate nyingine. Siku nzuri alimaliza matatu. Siku mbaya kulikuwa na milio ya bunduki, asizibe hata moja. Jeshi la serikali liliporudisha mji mwezi wa Oktoba, wanajeshi nao walikuja kutafuta magari; wakakuta shasi tupu juu ya matofali na mtu mweusi kwa masizi chini yake, wakamwuliza anafanya nini. "Nanonesha," akajibu. Wakaona vita vimemharibu, wakamwachia sigara.

Ndikumana alikuwa akipita karibu kila juma. "Mkondesha, uko unaficha nini chini kule?" Bona alimshuku kwa yale majembe ya chuma cha wizi, na kwa hiyo hakumjibu. Lakini siku moja, mwaka wa pili, Ndikumana alichungulia ghafla, akaona shasi ilivyokuwa laini toka mwanzo hadi mwisho. Aliondoka bila kusema kitu, na kwa Ndikumana hilo lilikuwa kama kuugua.

Mwaka 1966 ikaja barua kutoka Bujumbura. Njia imefunguka, Stavro anakuja Jumamosi kuchukua gari lake. Mbelgiji bado yupo, na Jumapili mashindano.

Viungo vikarudi nyumbani kama watoto wakati wa likizo. Injini ilipowashwa ilikohoa, ikatema pumba za mpunga ukutani mwa depo, ikakohoa tena, kisha ikanguruma. Gari likapakwa rangi. Viti vikajazwa pamba. Capitoline akapika chungu cha pombe ya mtama, kikubwa kuliko vyote alivyopata kupika, na Bona akaalika watu wote: wa Songo, wa depo, wakwe wa Bwegera, wa Nyakabere waliomjua baba yake. Na Ndikumana.

"Unaalika hata yule?" Capitoline aliuliza.

"Yeye njo alikuwa juu ya ua siku ile. Awe karibu siku hii."

"Na patroni asiposema neno?"

"Asiposema, Jumatatu tunahamia Baraka. Uvira sitaweza kukaa tena."

Stavro alifika amekonda yeye mwenyewe, nywele zimempungua. Alimkumbatia Bona. Watu wakajipanga, chungu katikati kimefunikwa jani la mgomba, mirija imelala kando. Akalizunguka gari. Bona alimfuata kwa macho kama mama anavyofuata mganga. Stavro akagonga bawa. Bawa likajibu kwa sauti ya pipa. Uso ukamkunjana. Akajaribu kunyanyua kapo, akashindwa, akaitazama mikono yake. Halafu akavua koti, akalala chali, akaingia chini. Bona naye akaingia upande wa pili.

Walilala hivyo wawili, bega kwa bega. Stavro alinyoosha kidole akakipitisha juu ya shasi, taratibu, anatafuta. Kidole kikaenda, kikarudi, hakipati kitu. Bona akawa na miaka saba tena.

"Patroni, unatafuta matundu," alisema. "Nimeziba yote. Mia moja na kumi na tisa. Waliiba, lakini minye nimerudisha."

"Umeziba."

"Moja moja."

Stavro akamweleza, polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni: kwamba matundu yalikuwa ya kiwanda, kwamba mabawa mepesi ndiyo yalikuwa mali, kwamba kila kilo iliyotolewa ilitolewa kwa hesabu. "Walikondesha makusudi, Bona. Ipate mbio."

Bona alitazama visahani vyake mia moja na kumi na tisa, laini, bila kovu, na alitamani ardhi ya depo ipasuke. Baba alikondesha kilichopaswa kunona. Yeye amenonesha kilichopaswa kukonda. Ukoo gani huu? Pembeni aliona miguu ya watu waliokuwa wakingoja, na katikati yao kandambili za Ndikumana, zimekatwa kutoka tairi kuukuu, zimesimama karibu kuliko za wengine wote.

Mwili wa Stavro ukaanza kutikisika. Bona alifikiri analia. Pengine alikuwa analia, pengine alikuwa anacheka. Bona mwenyewe aliposimulia hakuwahi kuamua. Mwishowe Mgiriki akapangusa macho. "Sioni hata kovu moja," alisema. "Kazi hii Amerika hawaiwezi. Sasa wale nje wanangoja nini?"

Bona akamweleza: neno, chungu, mrija, baba, mbavu. Alieleza yote pale chini, kwa kunong'ona. Stavro alikuwa amekaa kati ya watu wa bonde miaka ishirini, akipima pamba yao, na hakuna aliyekuwa amewahi kumwambia.

Wakatoka. Stavro akajipangusa mikono, akaweka kiganja juu ya ile kapo ya pipa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Limenona."

Na hakusema uongo. Weka kwenye mizani yoyote.

Wanawake wakapiga vigelegele. Jani likaondolewa, povu likaonekana, na mrija wa kwanza ukawekwa mkononi mwa Bona. Miaka mingapi ameungoja! Aliushika. Aliutazama. Akaona kama ameshika kitu cha watu ambacho si chake, na hicho, kwa Bona, kilikuwa na sheria yake. Capitoline alimfanyia ishara ya jicho: kunywa, mwanamume wewe, kunywa.

"Ngojeni," akasema. "Patroni ana huruma. Matundu hayakuibiwa. Wenyewe waliyaweka, gari ipate kukimbia. Minye nimeyaziba bure, na mabawa nimeweka mazito bure. Nimemharibia gari yake. Sasa mumejua."

Akaurudisha mrija ubavuni mwa chungu. Mzee mmoja wa Nyakabere akakohoa. Watu wote wakamtazama Ndikumana, kwa sababu kila mtu alijua neno linalofuata ni la nani.

Ndikumana akaja mbele akaligonga lile bawa. Akainama akachungulia chini, akakaa hukohuko muda mrefu. Aliposimama hakuwa na ule uso wake wa mizaha.

"Nielewe vizuri," akasema. "Weye, mwana wa Mkondesha. Umepewa kitu ya watu. Imekonda toka kwao, wenyewe walitaka ikonde. Na weye ukashindwa kuvumilia kuiona vile."

"Nilishindwa."

"Vita yote hii. Watu wanakimbia, weye uko chini unanonesha."

"Ndiyo."

Ndikumana akachukua mrija wa kwanza, akautumbukiza chunguni, akaugeuzia Bona. "Kunywa, Mnonesha," akasema. "Pombe inapoa." Halafu akacheka, na safari hii Bona alicheka, na alipofika nyumbani akala.

Jumapili Stavro alishindwa. Mbelgiji alimpita kwa urefu wa pua, mbele ya wanawake wa Bwegera waliokuwa wamekunja mikeka mapema. Alipoulizwa, Stavro alisema tu kwamba alikuwa amebeba abiria mia moja na kumi na tisa, na Mbelgiji akadhani mvinyo umempanda. Stavro alivuka daraja la Kavimvira na gari lake, na yale mabawa mepesi yakiwa nyuma, yamefungwa kwenye blanketi. Tangu hapo hakuna ajuaye lilipo. Kama kuna tajiri mahali fulani anayezunguka dunia na tochi, analala chini ya magari meupe akitafuta matundu, pole yake. Lile la Songo atalipita.

Kapo ya aluminiamu haikwenda. Ilikuwa imebonyea kwa mihogo na kwa Keza aliyekuwa akiitumia kuteleza, na Stavro alisema, sasa amejua desturi, kwamba mchungaji hupewa ndama. Vita vingine vilikuja baadaye, vikubwa kuliko kile, na kila mara Capitoline alipokimbilia Gatumba, ng'ambo ya mpaka, alikuwa na ndama huyo kichwani na vyungu juu yake. Mabati ya nyumba yaliibiwa mara mbili. Kapo ilirudi kila mara, na leo Keza anaanikia dagaa.

Mnonesha alifariki mzee, kwa homa, kitandani mwake. Watu walimletea vitu vyao mpaka mwisho: ufunguo wa nyumba, baiskeli, mara moja hata mchumba wa mtu aliyesafiri, na huyo alimkabidhi kwa Capitoline. Siku ya matanga chungu kilifunguliwa uani. Ndikumana, hana jino hata moja, ndiye aliyepanga mirija. Wa kwanza aliusimamisha upande wa mlango wa marehemu, akakaa karibu nao, na kila mkono uliouelekea akaupiga kwa fimbo mpaka chungu kikaisha.